Maswali tunayoulizwa kila siku dikoni kuhusu takwimu za samaki, maji na mwani

Ukikaa dikoni, yaani pale vyombo vinaposhusha samaki, na mzani na karatasi, haya maswali utaulizwa tu, na wavuvi, na wachuuzi, na kina mama wa mwani, mpaka na vijana wa chuo waliokuja fildi. Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi sana, sasa naona bora niyaandike. Naongelea zaidi pwani ya Tanzania Bara na Zanzibar, na Kenya kidogo, ndo ninakokujua.

Hizi takwimu ni za kodi?

Hapana. Fomu ya takwimu haina sehemu ya kukutoza hela, na haitakiwi iwe nayo. Ushuru wa halmashauri una mtu wake na kitabu chake. Ila najua hofu inatoka wapi, kuna diko moja nilifika nikakuta mtu yuleyule anakata ushuru asubuhi alafu mchana anazunguka na fomu ya takwimu, sasa hapo mvuvi akikwambia kilo sita wakati kapu linaonekana kabisa ni ishirini utamlaumu vipi? Kwa hiyo kama kwenu ni hivyo, semeni kwenye kikao cha BMU (kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi wa ufukwe wenu), hizo kazi mbili zitenganishwe. Takwimu za mtu anayeogopa hazina faida kwa yeyote, bora hata msichukue.

Si uandike kilo tu? Mbona mnauliza nilitoka saa ngapi, tuko wangapi, wavu wa aina gani?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote kwa sababu ukilielewa hili umeelewa nusu ya kazi.

Chukulia mwaka jana diko lenu lilikuwa na mitumbwi kumi, kwa siku wanaleta kilo 200. Mwaka huu mitumbwi ishirini, wanaleta kilo 240. Ukiangalia kilo tupu utasema mambo mazuri, samaki wameongezeka. Lakini gawanya sasa, mwaka jana kila mtumbwi kilo 20, mwaka huu kilo 12. Bahari imepungua na kila nyumba inayotegemea ule mtumbwi imepungukiwa, ila jumla imeficha. Ndo maana tunauliza umetumia nini kupata hizo kilo: watu wangapi, masaa mangapi majini, mshipi, madema, jarife au ringi neti, una mashine au tanga, umeenda mwamba wa karibu au umefuata mkondo huko nje.

Na kuna kingine, kilo zinaweza kubaki zilezile kabisa huku hali inaharibika, kwa mfano zamani ulikuwa unapata kilo 20 kwa masaa manne na sasa unazipata kwa masaa tisa na mafuta mara mbili. Mzani hautakwambia hilo, saa ndo itakwambia.

Vyombo viko hamsini, mnapima vitano. Hamdanganyi hapo?

Ni sampuli. Mama akionja mchuzi haonji sufuria zima, anakoroga kwanza alafu anaonja kijiko. Siri iko kwenye kukoroga. Ukichagua kila siku wale wale wanaotia nanga karibu na wewe, au wenye samaki wakubwa kwa sababu picha inapendeza, umeonja bila kukoroga.

Hesabu yenyewe ni hii: tuseme ngalawa ulizopima zina wastani wa kilo 14 kwa siku, kwa kawaida zinatoka ngalawa 18, na mwezi huo zimetoka siku 20. Basi 14 mara 18 mara 20, unapata kilo 5,040. Kwa hiyo kuhesabu vyombo vilivyotoka ni kazi muhimu sawasawa na kupima samaki, na watu wengi wanaisahau, wanapima samaki vizuri kabisa alafu idadi ya vyombo wanakisia. Ile sensa ya uvuvi ambayo serikali inafanya kila baada ya miaka kadhaa, kuhesabu vyombo, zana na wavuvi diko kwa diko, kazi yake ndo hiyo.

Alafu siku za kupima. Pwani yetu sio maji ya bomba, ina pepo za kaskazi na kusi, ina bamvua (maji yanajaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapanda na kushuka kidogo). Wavuvi wa dagaa wa taa wanafanya kazi wakati wa giza, mbalamwezi ikishakuwa kubwa wanapumzika na kushona nyavu. Ukienda kupima siku za giza peke yake alafu ukazidisha kwa siku 30 utaandika dagaa ambao hawajawahi kuwepo. Na wa pweza ni tofauti, wao wanategemea bamvua, maji yakipwa sana mwamba unatoka. Kwa hiyo panga ratiba ukiwa na kalenda ya mwezi mkononi, usipange kwa Jumatatu na Alhamisi kwa vile ndo siku zako za usafiri.

Leo sikupata kitu. Niandikwe nini?

Sifuri. Na tafadhali usione aibu na usiondoke kimya kimya. Siku ya sifuri ni takwimu kamili kama siku ya kilo mia, tukiandika waliopata peke yao wastani unapanda na ofisini wanaona huku neema tupu. Mkusanya takwimu anayeruka sifuri anafanya kosa kubwa kuliko anayekosea jina la samaki.

Na kitoweo cha nyumbani?

Kinahesabika. Pamoja na alichopewa aliyesaidia kuvuta chombo, na waliouzwa hukohuko majini kabla ya kufika mnadani, na chambo. Kwenye madiko madogo hiyo inaweza kuwa sehemu nzuri tu ya mavuno na ndo chakula chenyewe cha kijiji. Uliza kwa adabu, "kitoweo umetoa kiasi gani?", usifungue kapu la mtu mwenyewe.

Kina mama wanaochokoa miambani mbona hamuwahesabu?

Swali zuri na jibu lake linauma. Miaka mingi fomu ziliandikwa kwa mtu mwenye chombo. Mama anayetoka kwa mguu maji yakipwa, anarudi na pweza, chaza, kombe, au anayetanda uduvi na kanga, hana namba ya chombo, kwa hiyo hakuwa na mstari kwenye fomu, na asiye na mstari hana uvuvi. Alafu siku mwamba unapofungwa watu wasivue hapo, au hoteli inapotaka ufukwe, wanaangalia karatasi wanasema hapa hakuna mvuvi. Kama mnaanza kupima kijijini kwenu wekeni wachokoaji tangu siku ya kwanza, na mpate mkusanya takwimu mwanamke, maana mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Urefu wa samaki unawasaidia nini?

Unatuambia kama samaki amewahi kuzaa kabla hajavuliwa. Kila aina ina urefu ambao nusu ya samaki wake wameshapevuka, na ukiona changu au tasi (Kenya wanamwita tafi) wengi wanaokuja dikoni wako chini ya huo urefu, ujue tunakula mbegu. Kwenye kupima kuna kosa moja linaharibu kila kitu: huyu anapima mpaka ncha ya mkia, yule anapima mpaka kwenye pacha ya mkia. Amueni moja, andikeni kwenye fomu juu kabisa, mbaki nayo. Pweza tunampima uzito, kaa upana wa gamba.

Wataalamu wakitaka umri kabisa wanatoa yale mawe madogo ya sikio kichwani mwa samaki, yana mistari kama gogo la mti. Hiyo ni ya maabara, sio ya ufukweni.

Kufunga mwamba kwa ajili ya pweza kunahusiana vipi na takwimu?

Hapa ndo mahali wavuvi wengi wameona kwa macho yao kwamba namba zina kazi. Pweza wetu wa mwambani anaishi kama mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, anakua haraka mno, na jike akishaatamia mayai yake yakaanguliwa anakufa. Kwa hiyo ukimwachia miezi miwili mitatu tu, uzito unapanda sana. Madagaska, kijiji cha Andavadoaka, walijaribu mwaka 2004, na huku kwetu Pemba, Kisiwa Panza na wengine wamefanya, Mafia na Songosongo pia.

Lakini kufunga bila kupima ni imani tu. Unatakiwa upime kabla ya kufunga, siku ya kufungua, na hizo wiki baada ya kufungua, tena upime na mwamba wa jirani ambao haukufungwa, ili usije ukasifia kufunga kumbe ni msimu tu. Siku ya kufungua ni vurugu, watu wanatoka vijiji vingine wamesikia, mzani mmoja hautoshi, watu wanne hawatoshi. Mi naona ile siku ya furaha ndo inayodanganya zaidi. Inaonesha pweza wakubwa, kila mtu anashangilia, alafu wiki mbili baadae wameisha wote na hakuna aliyekuwepo kuandika. Kaeni mpaka mwisho. Na sheria ya Tanzania inakataza pweza chini ya gramu 500, kwa hiyo hesabu pia ni wangapi kati ya waliopimwa wako chini ya hapo, hiyo asilimia inaongea kuliko jumla ya kilo.

Kamba wamepungua. Ni wavuvi au ni mto?

Inaweza kuwa vyote viwili na ndo maana kupima samaki bila kupima maji ni kazi nusu.

Kamba mkubwa anazaa baharini, wale wachanga wanaingia mikokoni, wanakulia humo kwenye maji yaliyochanganyika, alafu wanarudi baharini. Mto ukileta maji mengi au kidogo, mapema au kwa kuchelewa, kamba anaathirika hata kama hakuna aliyetupa wavu. Sasa angalia delta ya Rufiji, msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki. Meli zinazovua kamba kwa wavu wa kukokota zilisimamishwa Tanzania mwishoni mwa miaka ya 2000 kwa sababu mavuno yalikuwa yameporomoka. Kenya nao walizizuia meli zao Ghuba ya Ungwana mwaka 2006, huko ambako Tana na Sabaki zinamwaga maji, kulikuwa na ugomvi wa miaka na wavuvi wadogo, na mwaka 2010 ukatoka mpango wa usimamizi wa kamba. Upande wa Rufiji, Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere likaanza kujazwa kule juu. Umeme tunauhitaji, sibishani na hilo. Ila bwawa lolote linapanga upya maji ya mto yanafika lini na kiasi gani, na linazuia udongo ambao ungeshuka mpaka kwenye mikoko. Sasa kama hukuwa na vipimo vya chumvi, vya tope na vya kamba wachanga vya miaka ya kabla, leo utasemaje kilichobadilika ni nini? Utabaki kubishana kwa kumbukumbu za wazee, na mimi wazee nawaheshimu sana na tunawahoji, lakini mezani kwa wahandisi atasikilizwa mwenye daftari.

Kwenye mlango wa mto pima haya tu na utakuwa umefanya mengi: chumvi ya juu na ya chini (maji ya mto yasiyo na chumvi yanaelea juu ya maji ya bahari, kwa hiyo kipimo cha juu peke yake kinakudanganya), joto, uangavu wa maji kwa ile sahani nyeupe na nyeusi unayoishusha kwa kamba mpaka isionekane, na saa na hali ya maji, yanajaa au yanakupwa. Hilo la mwisho watu wanaliacha na likiachwa vipimo vyote vinakuwa takataka, kwa sababu kwenye mto huohuo, siku hiyohiyo, maji ya chumvi yanapanda kilomita nyingi alafu yanarudi.

Mi nalima mwani. Na mimi nipime?

Wewe ndo wa kwanza. Mwani wa biashara ulianza Zanzibar mwaka 1989, Paje na Jambiani, na wakulima wengi ni kina mama. Kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, imekufa sehemu nyingi kwenye maji ya ufukweni, wengi wakabaki na spinosum ambayo bei yake ni ndogo. Mwani unapauka unakuwa mweupe kama umechemshwa, unakatika, kamba zinabaki tupu. Maji yakipwa mchana wa jua kali pale kwenye kina kifupi joto linapanda kupita kiasi, ikija mvua kubwa chumvi inashuka ghafla, mwani unachoka na bakteria wanamalizia.

Nunua temometa moja kwa kikundi, muwe na daftari, andikeni joto maji yakipwa, tarehe, mvua ipo haipo, kamba ngapi zimeanza kupauka, kilo za mwani mbichi ulioufunga na kilo ulizovuna baada ya wiki sita. Baada ya mwaka mmoja mtajua miezi ya kusogea kwenye maji ya kina na miezi ya kukaa, na mnunuzi akija kuwaambia mwani wenu haukui mtakuwa na majibu. Nimeona kikundi cha kina mama ambao hawajasoma sana wana daftari safi kuliko la mradi wa mamilioni.

Nina bwawa la kufuga mwatiko, samaki wa maji ya chumvi. Nipime nini kila siku?

Oksijeni, joto, chumvi, na pH (ukali wa maji) ukiweza. La oksijeni: pima alfajiri kabla jua halijatoka. Mchana mimea ya maji inatoa oksijeni, usiku inavuta, kwa hiyo alfajiri ndo iko chini kabisa. Miligramu 5 kwa lita kwenda juu uko salama, ikishuka chini ya 3 wako taabani. Mtu anapima saa sita mchana anaona 8 anafurahi, alfajiri samaki wamekuja juu wanahema. Huna kifaa? Amka mapema uwaangalie midomo. Chumvi mwatiko anavumilia sana, bahari ni kama 35 kwa elfu na yeye anaishi chini ya hapo na juu ya hapo, ila mabadiliko ya ghafla baada ya mvua yanamtesa.

Andika na chakula ulichompa. Bila hiyo huwezi kujua umepata faida au umelisha tu.

Kunenepesha kaa ni ufugaji?

Mi naona bado, kama kaa wadogo wanatoka mikokoni. Ni uvuvi wenye hatua ya ziada. Haina ubaya wowote, ila basi lazima wale wadogo wahesabiwe: wangapi wametolewa, ukubwa gani, mkoko upi, wangapi wamekufa kwenye vizimba. Hali ni hiyohiyo kwa vifaranga vya mwatiko vinavyochotwa kwenye vijito wakati wa bamvua. Tukisema tunafuga ili kuipumzisha bahari huku mbegu zote tunazitoa kwenye bahari ileile na hakuna anayeandika, hatujaipumzisha.

Karatasi au simu?

Simu ni nzuri. Tanzania kuna mfumo wa eCAS unaotumia simu, takwimu zinafika siku hiyohiyo na makosa ya wazi unaonywa palepale. Ila mtandao unakata, betri inaisha, mikono ina magamba na maji ya chumvi, kwa hiyo daftari la penseli liwepo. Penseli, sio kalamu ya wino, wino ukilowa umepoteza wiki nzima.

Mkiandika mwamba wangu si kila mtu atajua?

Una haki ya kuogopa, mwamba ni urithi. Tunaandika jina la eneo kubwa au namba ya mraba kwenye ramani, hatuandiki alama zako. Kama kuna anayetaka kukufungia kifaa cha GPS kwenye chombo, muulize kwanza nani ataiona njia yako, na jibu ulipate kwa maandishi.

Takwimu zinaenda kwa nani?

Bara zinapita BMU na afisa uvuvi kwenda wizarani, na watafiti ni taasisi ya TAFIRI. Zanzibar ina wizara yake na taasisi yake ya utafiti, ZAFIRI, kuna kamati za wavuvi za shehia, na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo Unguja. Kenya watafiti ni KMFRI, Mombasa. Jodari na wenzake ni habari nyingine kwa sababu wanazunguka Bahari ya Hindi nzima, nchi zinaripoti kwenye tume ya jodari iliyopo Ushelisheli, na bahari kuu ya Tanzania ina mamlaka yake ya pamoja Bara na Zanzibar. Jodari unayemvuta na mshipi kwenye mashua nae anahesabika huko. Nchi zikikaa kugawana kiasi cha kuvua, nchi isiyokuwa na rekodi ya wavuvi wake wadogo inaanza ikiwa nyuma.

Mbona haziturudii?

Hapa sina cha kutetea. Mnapimwa miaka, mnaulizwa mpaka umri wa mke, alafu kimya. Mkusanya takwimu akija mwambieni kwa heshima: kila miezi mitatu tunataka karatasi moja ukutani hapa bandani, kwa Kiswahili, wastani wa kilo kwa chombo, kwa zana, mwaka huu na mwaka jana. Haihitaji mradi, inahitaji saa moja na kalamu ya maka. Pale nilipowahi kufanya hivyo, wavuvi walianza kunisahihisha wenyewe, "hapa umekosea, wiki ile tulikuwa msibani hakuna aliyetoka", na takwimu zikawa nzuri kuliko nilivyoweza mimi peke yangu.

Nimepata samaki simjui.

Mpige picha kwa ubavu, weka rula au hata kiberiti pembeni, andika kina, zana na tarehe, jina la kwenu hata kama ni la utani, alafu mpigie afisa uvuvi kabla hajakatwa. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania walianza kuvuta silikanti, samaki ambaye dunia ilidhani ametoweka na dinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Wengi walitoka Tanga kwenye majarife ya maji marefu, na mwaka 2009 hifadhi ya bahari ikatangazwa huko kwa jina lake. Walioanza kumuona ni wavuvi.

Tunataka kuanza kijijini kwetu, hela hatuna.

Mzani wa kuning'iniza, rula ya mbao, daftari, penseli, kalenda ya mwezi. Watu wawili wanaoaminika, mmoja mwanamke. Chagueni zana mbili tu za kuanzia, siku nane kwa mwezi, nne za bamvua nne za maji mafu, na kila siku moja ya hizo hesabuni vyombo vyote vilivyotoka hata kama mnapima vitano. Daftari likijaa lipigwe picha kurasa zote na zitunzwe kwenye simu mbili tofauti, maana nimeona la miaka mitatu limeliwa na mchwa kwenye banda la BMU. Mwezi wa kwanza mtakosea, wa pili mtachoka, wa nne wavuvi wataanza kuwauliza wenyewe wiki hii imekuwaje.